Dosye yako uipeleke wapi: Banjul, La Haye, Arusha, Washington au Msalaba Mwekundu?

Mama mmoja wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, aliingia asubuhi na mfuko mweusi wa plastiki, ule wa sokoni, akaumwaga mezani kwangu. Picha mbili za mume wake, karatasi ya hospitali, kipande cha gazeti kilichokunjwa hadi kikaanza kukatika, na barua ya kurasa nne aliyoandikiwa na kijana wa mtaani. Hata hajakaa kitini: "Yaya, mi nataka hii ifike ku La Haye."

Nikamwuliza, "Mama, ikishafika, unataka wakupe nini?"

Akanyamaza. Halafu akasema anataka kujua mume wake yuko wapi, na kama amekufa, apewe mwili azike.

La Haye, yaani mahakama ya jinai iliyoko The Hague, haitafuti watu waliopotea. Wapo wanaoifanya kazi hiyo, tena bure, ila mama hakuwafikiria kwa sababu redio haiwataji kila jioni. Mimi si avoka, yaani wakili. Nasaidia watu kupanga karatasi za kesi zao, ndiyo dosye, katika chama kidogo hapa Lubumbashi, na kosa hili naliona karibu kila wiki: mtu anachagua mlango kwa ukubwa wa jina lake, anasubiri miaka, kisha anasema wazungu wamemdanganya. Mara nyingi hakuna aliyemdanganya. Alikwenda kuomba chumvi kwa fundi viatu.

Kwanza, tupime kwa mizani moja

Kila mlango nitauuliza maswali yaleyale. Unatoa nini mwishoni: fidia, kifungo, mradi kurekebishwa, habari za ndugu? Unapokea nani: mtu mmoja, kikundi, au serikali tu? Tarehe zake zikoje, maana mlango mwingine hufungwa baada ya miezi miwili na mwingine haufungwi kabisa? Unadai karatasi na gharama gani? Na jina lako litaonwa na nani? Hili la mwisho watu hulisahau hadi usiku wanaposikia hodi.

Mfano wangu mkubwa utakuwa Kilwa. Nasema Kilwa yetu, ya teritware (wilaya) ya Pweto, kando ya ziwa Mweru, siyo ile ya pwani ya Tanzania. Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia mji ule, jeshi likaurudisha kesho yake, na zaidi ya watu 70 wakauawa. Mgodi wa Dikulushi, uliokuwa wa kampuni ya Anvil Mining, uko kilomita kama 50 kutoka pale, na magari ya kampuni yalitumiwa na jeshi. Mwezi huohuo wachunguzi wa MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, walifika. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi hapa Lubumbashi ilimaliza kesi bila kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya Kilwa. Dosye hiyo ikaanza safari. Ilibisha milango kadhaa, na kila mlango ulitoa kitu tofauti. Ndiyo maana ni mwalimu mzuri.

Banjul: Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu

Inatoa nini. Tume iko Gambia tangu miaka ya 1980, na nchi yetu iliridhia Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu mwaka 1987. Inasikiliza malalamiko dhidi ya serikali, siyo dhidi ya mtu wala kampuni, na mwishoni inatamka kama haki zimevunjwa na serikali ifanye nini. Kwa Kilwa, mashirika matatu yalipeleka malalamiko mwaka 2010, mojawapo ACIDH, shirika la haki za binadamu la hapahapa Lubumbashi. Uamuzi ulitangazwa 2017: serikali iwalipe wahanga wanane na familia zao dola milioni 2.5, ifungue tena uchunguzi, iombe msamaha, ifukue waliozikwa ovyo wazikwe kwa heshima, ijenge kumbukumbu. Soma orodha hiyo polepole. Hakuna mlango mwingine hapa ambao ungeagiza maiti zifukuliwe ili zizikwe upya.

Sasa upande wa pili wa shilingi. Tume haina polisi wala haina namna ya kushika akaunti ya serikali. Uamuzi ukishatoka, kazi ya kudai malipo huanza upya Kinshasa, na ni kazi ya miaka.

Nani anapokelewa. Yeyote: mhanga, ndugu, chama, hata mtu wa nchi nyingine anayewasemea.

Tarehe. Lazima kwanza upite mahakama za nyumbani hadi zikamalizika, isipokuwa uonyeshe kwamba hazipatikani au zinaburuta kesi kupita kiasi. Baada ya hapo uandike "ndani ya muda unaofaa", na hakuna aliyewahi kuniambia muda huo ni siku ngapi. Nashauri watu wasivuke miezi sita. Kutoka malalamiko hadi uamuzi wa Kilwa ilipita takriban miaka saba, basi jipange.

Karatasi na mfuko. Hakuna ada. Kifaransa kinakubalika. Lakini Mkataba una masharti mawili yanayoangusha barua nyingi za mitaani: isiwe na lugha ya matusi, na isitegemee habari za magazeti na redio peke yake. Barua ya mama wa Katuba ilikuwa imemwita mkubwa mmoja wa jeshi "fisi" mara tatu katika ukurasa wa kwanza, na ushahidi wake ulikuwa kile kipande cha gazeti. Masharti yote mawili yalikuwa yamevunjwa hata kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Huyo fisi tulimtoa. Gazeti tuliliacha, ila sasa limeandamana na karatasi ya hospitali na maelezo ya mashahidi wawili.

Jina. Tume lazima ijue wewe ni nani, lakini unaweza kuomba serikali isilione.

Mlango wa jirani ni Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, Geneva. Unafanana na Banjul karibu kila kitu: bure, dhidi ya serikali, baada ya mahakama za nyumbani, mwisho wake ni maoni yasiyo na polisi. Tofauti ni kwamba Geneva inamtaka mhanga mwenyewe au aliyetumwa naye, na ukichelewa zaidi ya miaka mitano baada ya mahakama za ndani unaweza kuambiwa umechelewa mno. Watu wa Katanga wana historia nayo. Daniel Monguya Mbenge, aliyewahi kuwa gavana wa Shaba (ndivyo Katanga ilivyoitwa wakati ule), alihukumiwa kifo bila kuwepo, akiwa Ubelgiji. Aliandikia Kamati mwaka 1977, na mwaka 1983 ikasema Zaire ilimvunjia haki kwa kuwa hakuitwa ipasavyo kujitetea. Wakati ule wa Mobutu, karatasi ya Geneva iliyosema hivyo ilikuwa na uzito ambao vijana wa leo hawaujui. Ila chagua: dosye moja usiipeleke Banjul na Geneva kwa wakati mmoja, maana kila upande una haki ya kuikataa kwa sababu ya mwenzake.

La Haye: Mahakama ya Kimataifa ya Jinai

Inatoa nini. Inawafunga watu. Siyo serikali, siyo kampuni, ni mtu mwenye jina na uso, kwa makosa makubwa tu, kama mauaji ya kimbari, makosa dhidi ya ubinadamu, makosa ya vita. Kongo ndiyo iliyoipa mahakama hiyo hatia yake ya kwanza, ya mkuu wa wanamgambo Thomas Lubanga mwaka 2012, na mwenzake Bosco Ntaganda akapewa miaka 30 mwaka 2019. Kuna pia kesi inayowachanganya watu wa hapa kwa sababu ya jina: Germain Katanga ni mtu wa Ituri, kesi yake haihusu mkoa wetu hata kidogo.

Nani anapokelewa. Yeyote anaweza kumwandikia mwendesha mashtaka na kumpa habari. Kupokelewa habari si kufunguliwa kesi, na hapo ndipo moyo wa mtu huvunjika. Ofisi ile inachagua kesi chache sana, za wakubwa, kutoka katika mlima wa barua. Wahanga hupata nafasi yao rasmi, na fomu zao, pale kesi inayogusa kijiji chao inapokuwa imefunguliwa.

Tarehe. Haiangalii chochote kilichotokea kabla ya Julai 1, 2002. Baada ya hapo makosa yake hayazeeki, na hii ni nguvu kubwa: karatasi uliyoitunza vizuri leo inaweza kuhitajika baada ya miaka kumi. Oktoba 2024 mwendesha mashtaka alitangaza kurudisha macho kwa Kivu ya Kaskazini, kwa yaliyotokea tangu Januari 2022. Waliokimbia kutoka Goma na sasa wanaishi hapa Ruashi na Kampemba, hili linawahusu.

Karatasi na mfuko. Bure. Kinachohitajika ni maelezo ya nani, wapi, lini, na waliovaa sare walikuwa wa kikosi gani. Hisia zako ni halali, ila haziwasaidii sana.

Fidia ipo, lakini ielewe. Kijiji cha Bogoro, kule Ituri, kilishambuliwa Februari 24, 2003. Amri ya fidia katika kesi ya Germain Katanga ilitoka Machi 2017: wahanga 297, kila mmoja dola 250 za ishara, pamoja na misaada ya pamoja kama makazi na masomo. Miaka 14, dola 250. Wapo waliolia kwa furaha kwa sababu mahakama ilitaja majina yao, na wapo walioona wamedharauliwa. Jiulize mapema wewe ungekuwa upande gani.

Jina. Wana mpango wa kuwalinda mashahidi. Hatari kubwa huwa ni mdomo wako mwenyewe kwenye kabare (baa) Jumamosi.

Arusha: Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki

Mlango huu ni mpya kwetu. Kongo iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, na tangu hapo mkazi yeyote wa nchi hii anaweza kuishtaki serikali ya nchi mwanachama kwa sheria au kitendo kinachovunja Mkataba wa Jumuiya. Uzuri wake mkubwa ni kwamba hulazimiki kumaliza kwanza mahakama za nyumbani. Unaenda moja kwa moja.

Ubaya wake mkubwa ni tarehe: miezi miwili tangu kitendo kilipofanyika au ulipokijua. Siyo miezi miwili na wiki. Niliwahi kuipoteza dosye nzuri kwa siku tisa. Familia ilibomolewa nyumba, tukaandika barua ofisini, tukaambiwa tusubiri jibu, tukasubiri kwa adabu kama tulivyolelewa, na jibu halikuja. Nilipofungua kalenda, mlango ulikuwa umefungwa. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo kila mteja naandika tarehe yake kwa wino mwekundu juu ya jalada.

Kinachotoka ni tamko kwamba Mkataba umevunjwa, na amri kwa serikali irekebishe. Mwaka 2019, kwa mfano, mahakama hiyo ilisema vifungu vya sheria ya vyombo vya habari ya Tanzania vilikwenda kinyume na Mkataba. Kesi ilikuwa imefunguliwa 2017. Kwa viwango vya milango hii, miaka miwili ni mbio. Haikuundwa kuwa mahakama ya haki za binadamu, kwa hiyo malalamiko lazima yavishwe nguo ya utawala wa sheria na utawala bora. Kazi yake imezoea Kiingereza, na hapo mfuko unaumia: mfasiri na avoka anayejua njia za Arusha si bei ya bukari (ugali). Jina lako litakuwa wazi. Inafaa zaidi chama, chama cha waandishi, chama cha wafanyabiashara, kuliko mjane mmoja.

Washington: Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia

Watu wakisikia "haki" hawafikirii benki. Lakini maendeleo nayo hubomoa nyumba. Ikiwa barabara, umeme au maji vimeletwa kwa fedha za Benki ya Dunia, na mradi umekuumiza kwa sababu kanuni za Benki hazikufuatwa, kuna Jopo la Ukaguzi tangu 1993.

Linapokea watu wawili au zaidi wenye shida moja, wanaoishi pale mradi ulipo. Kwanza uwe umelalamika kwa wenye mradi. Usingoje mradi ufungwe ukafikiri mlango utakungoja. Ni bure, barua ya kawaida inatosha, na unaweza kuomba jina lako lifichwe kwa wote isipokuwa Jopo.

Lilifanya nini Kongo? Barabara ya Bukavu kwenda Goma. Mwaka 2017 wanakijiji wa Kivu ya Kusini waliandika juu ya mali iliyoharibiwa, ukatili wa askari waliolinda kazi na ubakaji uliohusishwa na wafanyakazi wa mradi. Benki ilisimamisha malipo ya kazi hizo mwaka huohuo, na ripoti ya uchunguzi ikatoka 2018. Linganisha na miaka saba ya Banjul. Fedha zikisimama, mkandarasi anasikia usiku huohuo. Jopo lenyewe halitoi fidia wala halimfungi mtu. Linaripoti, kisha Benki inaandaa mpango wa kurekebisha, na wewe unabaki kuusukuma.

Kwa wa migodini, angalieni vizuri: kampuni binafsi haiko chini ya Jopo. Matawi ya Benki yanayokopesha au kuzikatia bima kampuni yana ofisi yao ya malalamiko, CAO. Mgodi wa Dikulushi ulikuwa na bima ya tawi mojawapo, MIGA, na baada ya Kilwa CAO ilikagua na kusema MIGA haikuchunguza vya kutosha hatari za ulinzi na haki za binadamu kabla ya kukubali. Wahanga hawakupata franga kutokana na hilo. Wakubwa wa bima walijifunza kuuliza swali ambalo hawakuliuliza. Ikiwa mgodi unaokuumiza haukupewa fedha na Benki wala matawi yake, mlango huu haupo kabisa, usipoteze mafuta.

Msalaba Mwekundu: Kamati ya Kimataifa, CICR

Hawa hawahukumu, hawashtaki, hawatangazi. Wanatembelea wafungwa, wanatafuta waliopotea, wanapeleka barua za familia zisizofungwa, za habari za nyumbani tu, bila siasa ndani. Hakuna tarehe ya mwisho wala ada. Wanachotaka ni jina kamili, majina ya baba na mama, mwaka wa kuzaliwa, na mahali na siku ya mwisho alipoonekana.

Kunyamaza kwao kunawakera wanaharakati, na mimi zamani kuliniudhi. Lakini ndiko kunakowafungulia magereza. Mwaka 2025, baada ya Goma kuangukia mikononi mwa waasi wa M23, ni CICR iliyosindikiza mamia ya askari na polisi walionyang'anywa silaha, pamoja na familia zao, hadi Kinshasa. Shirika linalotoa ushahidi mahakamani lisingekubaliwa na pande zote mbili kupita njia ile. Kwa hiyo usiwape dosye ukitarajia waitumie kesini. Hawatafanya hivyo, na La Haye yenyewe inawaruhusu kukaa kimya.

Sasa, wewe uko katika hali gani?

Kama serikali ndiyo iliyokukosea, mahakama za nyumbani zimekuchosha, na unataka fidia au jina la familia lisafishwe: Banjul, au Geneva kama wewe ni mhanga mmoja na huna chama nyuma yako. Kama kijiji kizima kiliumia, mimi ningeegemea Banjul, kwa sababu ya ile orodha ya Kilwa.

Kama kitendo kina chini ya miezi miwili na ni sheria au amri inayowaumiza wengi: tafuteni avoka wa Arusha wiki hii, halafu ndipo mwandike barua za adabu.

Kama ni mradi wa Benki ya Dunia na mashine bado zinachimba: Washington, haraka, wakiwa bado na malipo ya kuzuia.

Kama unamjua kamanda aliyetoa amri na kilichofanyika kilikuwa kwa vijiji vingi: iandikie La Haye, kisha endelea na maisha na milango mingine. Barua hiyo haizuii Banjul.

Ikiwa unachotaka ni Uganda au Rwanda ilipe kwa vita, hiyo ni kazi ya serikali. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda mwaka 2022 ilipe dola milioni 325, lakini aliyeshtaki ni Kongo kama nchi. Mwananchi anaweza tu kudai sehemu yake ifike hadi kwake.

Na kama unamtafuta mtu, anza na Msalaba Mwekundu hata kama unapanga kushtaki baadaye. Weka nakala ya kila karatasi, maana wao hawatakurudishia ushahidi.

Mama wa Katuba tulimpeleka huko. Aliandika majina ya baba na mama wa mume wake bila shida. Penye jina jingine alilojulikana nalo akasita, akatabasamu mara ya kwanza tangu aingie.

"Kwenye kazi walimwita Kapenta, kama wale samaki wadogo, kwa vile alikuwa mwembamba. Niandike na hilo?"

"Liandike, mama. Huenda aliyelala naye chumba kimoja anajua hilo tu."